Mahari Moja, Majina Mawili

Vijana wangu, ujumbe wenu nimeupata. Mnanialika nije mjini niwahadithie mambo ya kazi, mmeniahidi kiti cha mbele, soda na sambusa. Asanteni. Siji. Anayenifahamu anajua kwamba tangu nistaafu, mimi kutoka nyumbani kwangu Mkuyuni mpaka kuwe na msiba, na marehemu mwenyewe awe mtu tuliyekuwa tukisalimiana. Nina kochi langu, nina redio yangu, nina paka asiyenipenda. Yananitosha. Ningewajibu hivyo kwa mistari miwili nikarudi kuchambua mchele, kama si ile sentensi mliyoibandika mwishoni pamoja na kikatuni kinachocheka: kwamba mnataka niwasimulie "zama zile za mateso ya pointa, kabla lugha hazijajisimamia zenyewe."

Sentensi hiyo nimeirudia. Mchele nimeuacha. Sasa mtanisoma mpaka mwisho.

Lugha inayojisimamia mimi sijaiona. Nimeona lugha yenye mtu wa kufagia nyuma yako, mpaka ukasahau kwamba yupo. Siku unapotaka programu yako iongee na kitu cha nje, mizani, kamera, mashine ya tiketi, unakuta kitu hicho kina programu yake ndogo iliyoandikwa na watu wasiofagiliwa na mtu. Hapo ndipo mnaponiudhi. Mnaokota kipande mtandaoni, siku hizi hata kuokota hamwokoti, mnamwagiza roboti awaokotee, mnakibandika, mnajaribu mara moja, mnasema "kwangu inafanya kazi," halafu mnakwenda kula mishikaki. Kwako inafanya kazi kwa sababu uko peke yako, hakuna foleni nyuma yako. Kuna mama mmoja ilibakia unywele tu apoteze kazi aliyoijenga kwa mikono yake kwa sababu ya "kwangu inafanya kazi" ya mtu ambaye hata sura hakumjua. Nitamfikia.

Kwanza nijitambulishe, maana wengine mmeambiwa tu kwamba kuna bibi fulani. Mimi ni Mhaya wa kidato cha nne. Wasukuma wanauelewa mara moja ukubwa wa janga hilo. Kwetu Bukoba, wanasema wao, hata jogoo anawika kwa Kiingereza. Sasa Mhaya asiye na shahada ni kitu gani? Niliajiriwa kama mpiga chapa kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, huku kando ya ziwa. Jina la kiwanda halina kazi hapa. Siku ya kwanza fundi wa mizani, Msukuma mmoja mrefu aitwaye Masunga, aliniuliza shahada yangu iko wapi. Nikamjibu iko njiani, inakuja na meli. Tangu siku hiyo akaniita Nshomile, yaani msomi, na mpaka leo akinipigia simu kunijulia hali hunitaarifu kwamba meli bado haijaonekana.

Utaalamu wangu wa kompyuta ulitokana na uvivu wa kutoka. Wenzangu wakienda kula mchana nje, mimi nilibaki na kiporo changu ofisini, na kitu pekee cha kusoma ofisini kilikuwa kitabu cha maelekezo ya kompyuta. Nikakisoma. Baadaye zilipoharibika wakauliza nani anajua, wote wakanionyesha kidole. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtaalamu. Msicheke, wengi wenu njia yenu haina tofauti, ila kiporo.

Haya, somo. Tulieni.

Pointa, au kielekezi, si kitu. Ni maelezo ya mahali kitu kilipo. Mtu akikuuliza Mama Fulani anakaa wapi, ukamjibu nyumba yenye geti la kijani baada ya mashine ya kusaga, hukumpa Mama Fulani. Umempa geti la kijani. Mama Fulani akihama, geti linabaki, na mgeni wako atagonga afunguliwe na mtu mwingine kabisa. Asipokuwa mwangalifu atamwachia na zawadi.

Sasa chukua sinia. Juu yake weka wali, weka mboga, halafu weka kikaratasi: "mchuzi uko kwa jirani, sufuria ya pili." Hilo sinia ndilo wanaloliita muundo. Vitu vingine vimo humo vyenyewe; vingine ni kikaratasi tu. Ukimpelekea mtu sinia, wali umefika. Mchuzi haujafika. Mchuzi utafika kama jirani hajala. Mtu anayebeba sinia bila kujua kipi ni chakula na kipi ni kikaratasi, huyo asije kwangu na kikombe cha chai mkononi akaniambia yeye ni mwandishi wa programu.

Vitabu vinasema kuna msimbo asilia na msimbo unaosimamiwa. Mimi huwa nasema nyumba isiyo na dada wa kazi na nyumba yenye dada. Kwenye nyumba isiyo na dada, kisu ulipokiweka utakikuta, hata kama kimeota kutu. Kwenye nyumba yenye dada unaishi kwa raha, lakini dada anapanga: kitu asichoona mtu amekishika, anatupa, kilichokaa vibaya, anakihamisha. Raha hiyo ina masharti. Usimwambie jirani "kisu changu kiko juu ya meza, kichukue ukipenda," halafu ukamwacha dada apite katikati.

Na kati ya nyumba hizo mbili kuna kivuko. Mnakumbuka pantoni ya Busisi, au mmezaliwa darajani? Mimi niliipanda mara chache kwenda Sengerema, kila mara kwa kulazimishwa na harusi, na sasa daraja limeninyima kisingizio. Sinia likitoka upande wenye dada kwenda upande wa pili, jina kama "Magesa" haliendi lenyewe. Linanakiliwa, nakala inakalishwa kwenye kiti cha pantoni, na sinia linaandikiwa kikaratasi: "jina limekaa kiti cha dirishani." Upande wa pili ukisoma papo hapo, safari njema. Lakini pantoni haimsubiri mtu. Ikimaliza kushusha inageuka, viti vinapigwa kitambaa, abiria wengine wanapanda. Yule aliyekiweka kikaratasi mfukoni, akaja kutazama baadaye kidogo, atamkuta mtu kwenye kiti cha dirishani. Ila si yule.

Mkilielewa hilo, mengine yote ni ugomvi wa baiti. Hayo nayo nimeyala. Kuna mwaka walituletea kompyuta mpya. Kielekezi kilichokuwa kikijaza baiti nne kikawa kinajaza nane, na kila kitu kilichokuwa nyuma yake kwenye sinia kikasogea. Asubuhi ile kipimajoto kilitangaza kwamba sangara aliyelala kwenye barafu ana joto la uji. Wafanyakazi walikuja kuchungulia, mmoja akaleta vikombe. Ndani ya saa chache tulikuwa tumepanga sinia upya na mambo yakaisha. Namkumbuka siku ile Masunga akisema kosa la namna hiyo ni zuri, kosa kichaa, linavua nguo barabarani kila mtu analiona. Nikamcheka. Sikujua kwamba siku zinakuja nitalitamani kosa kichaa. Kosa linalomaliza watu ni lile lenye adabu, lililovaa vizuri, linalotoa jibu linaloweza kuwa kweli.

Sasa Nyamizi.

Nyamizi alikuwa wakala wa samaki kutoka visiwani. Mumewe aliumia mgongo, boti akaichukua yeye, na watu walisema haitamaliza msimu. Ilimaliza misimu. Alikuwa mama wa maneno machache, mwenye tabia ya kusaga barafu yake mwenyewe kwa nyundo ya mti kwa sababu hakuwaamini vijana wa boti. Kwenye mwalo ule ule, yaani ufuko wanakoshushia samaki, alitoka pia baba mkwe wake, Mzee Magesa, wakala wa siku nyingi mwenye kofia ya pama, mtu ambaye hata walinzi getini walisimama akipita. Boti zao zilifika pamoja, makreti yao yakapokelewa siku moja.

Mapokezi yalikuwa hivi: karani anaandika jina la wakala, kreti linawekwa kwenye mizani, kijiti cha kipimajoto kinachomekwa kwenye samaki, mashine inatoa uzito na joto pamoja na jina. Samaki akiwa baridi jibu linatoka mara moja. Akiwa na joto, mashine inarudia kupima ijiridhishe, kwa hiyo jibu linachelewa kidogo. Kishikeni hicho, "linachelewa kidogo." Wakala akirudiarudia kuleta samaki wenye joto, anaondolewa, na akiondolewa kwetu hakuna kiwanda kingine mwambao huu kitakachomfungulia geti. Hizi habari zinasafiri kuliko upepo.

Jina la Nyamizi likaanza kutoka na joto. Si kila kreti. Moja katika mengi, siku baada ya siku. Msimamizi wa ubora akamwita. Mimi nilikuwa chini ya meza yake nikiunganisha nyaya za printa, kwa hiyo niliyasikia yote kutoka usawa wa viatu.

"Mama, kreti lako jana lilikuwa na joto tena."

"Barafu yangu nasaga mwenyewe, baba."

"Mashine haina undugu na mtu. Nani alikuwa mbele yako kwenye foleni? Tumuulize kama aliyaona makreti yako yakishuka."

Niliona ndala zake zikirudi nyuma kidogo.

"Ni mtu mzima," akasema.

"Mtu mzima hana jina?"

"Analo."

Msimamizi akashusha pumzi kama mtu aliyekwisha kupata jibu, akamwambia kreti moja zaidi, moja tu, na jina lake litafutwa. Nilitoka chini ya meza nikiwa na vumbi kichwani na hasira kifuani. Mashine haina undugu! Ni kweli haina. Haina hata habari. Inasema ilichoambiwa kuangalia, na hakuna aliyeuliza iliambiwa kuangalia wapi. Samaki walipotoka na joto la uji watu wote walisema mashine ni mbovu. Walipotoka na joto la kawaida la samaki aliyekosa barafu, watu wote walisema mama ni mwongo. Mpaka leo nikikumbuka nasogeza redio mbali, nisiitupe.

Walimpa nafasi ya kujitetea, eti. Wakamwita aje peke yake, foleni ikiwa tupu, wakampima kreti kwa kreti. Yote baridi. Mnajua walihitimisha nini? Kwamba akijua anatazamwa analeta samaki wazuri. Mtu akipatikana na kosa ni mkosaji. Asipopatikana ni mjanja. Mlango wa kutokea uko wapi hapo?

Masunga alikuja ofisini kwangu akiwa bado na maji ya barafu mikononi. Alikuwa ameyashika makreti ya Nyamizi siku zote hizo; vidole vyake vilikuwa vikifa ganzi. Mizani alikuwa ameifungua na kuifunga, haina tatizo. Akakaa juu ya meza yangu, jambo alilojua nalichukia.

"Nshomile, samaki ni wazima, mizani ni nzima. Katikati umekaa wewe."

Nilitaka kumtukana. Kiungo kati ya kompyuta na mizani hatukukiandika sisi. Kilitengenezwa na mafundi wa kampuni fulani waliokuja na mabegi mazuri, wakakijaribu kreti moja, kikafanya kazi, wakapiga picha na mkurugenzi, wakaondoka. Lakini alikuwa na haki. Waliondoka wao, kiungo kilibaki na mimi.

Basi nikaongeza kipande kidogo upande asilia, ili kila kreti likipita programu iandike jina, joto, na mahali jina hilo lilipokuwa limekaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Tukaacha siku ya kawaida ipite na foleni yake. Jioni nikachapa karatasi. Sasa ulimi wangu wa Kihaya haujawahi kuelewana na r na l kuhusu nani akae wapi, na vidole vyangu vinaufuata ulimi. Juu ya safu ya tatu nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa, kwa kujiamini kabisa: MAHARI YA JINA.

Masunga alisoma juu ya bega langu akaanza kutetemeka. Nilidhani anaumwa. Alikuwa anacheka.

"Nshomile, jina linaolewa kwa ng'ombe wangapi?"

Nikamwambia anipishe. Hakunipisha. Akashusha kidole kwenye safu, mstari kwa mstari, huku akifuta machozi kwa mkono mwingine, na akafika mahali akasimama.

"Halafu hapa mmefanya vibaya. Mahari moja imeoa wawili. Mzee Magesa mahari hii, Nyamizi mahari hii hii. Tena mkwe na mkamwana wake. Laana hiyo."

Akaendelea kucheka peke yake. Mimi nikaisogeza karatasi karibu na macho. Kreti la mwisho la Magesa na kreti la kwanza la Nyamizi: majina mawili, mahali pamoja, tarakimu kwa tarakimu. Kiti cha dirishani.

Mmeona? Karani anaandika Magesa, jina linapanda pantoni, linakaa kiti cha dirishani, mizani inapokea kikaratasi tu na kukiweka mfukoni. Inapima. Kreti la mwisho la mzee lina joto, kwa hiyo inarudia kupima, inachelewa. Wakati huo huo karani amekwisha kuandika Nyamizi, na kiti ni kile kile. Mizani inamaliza, inatoa joto, ambalo limo kwenye sinia lenyewe na ni la samaki wa mzee. Halafu inatoa kikaratasi, inakwenda dirishani kumtazama mwenye jina. Inamkuta Nyamizi. Joto la mmoja, jina la mwingine, na vyote viwili ni vya kweli. Kila wakala alikuwa na makreti mengi, kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba moja limehama. Kwa wengine nako huenda lilihama mara moja moja, ila joto la siku moja halimwiti mtu ofisini.

Kilichonibakia ni kwa nini yeye tu. Mashine haikumchagua. Nikamwuliza Masunga, kwa nini kila siku Nyamizi yuko nyuma ya Magesa, siku moja asimtangulie? Masunga akaacha kucheka, akanitazama kama mtoto asiyefundishwa.

"Ampite mkwe wake? Wewe kwenu unampita?"

Simpiti. Kwetu pia mkamwana hampiti baba mkwe njiani, hakai alipokaa, na jina lake halitamki. Hapo ndipo nilipozielewa zile ndala zilizorudi nyuma. "Mtu mzima hana jina?" "Analo." Alikuwa hafichi kitu yule mama. Aliulizwa jina ambalo mdomo wake umekatazwa, akajibu kwa kuelekeza, na msimamizi hakufuata alikoelekeza. Heshima yake ndiyo iliyomweka nyuma ya lile kreti kila siku, na heshima yake ndiyo iliyomfunga mdomo.

Kesho yake tulichukua ndoo mbili, moja ya maji ya vuguvugu, nyingine ya barafu. Ya vuguvugu tukaiandikisha kwa jina la Masunga, na kabla mashine haijamaliza kurudia kupima tukaandikisha ya barafu kwa jina langu. Karatasi ikatoka: Koku, joto. Masunga akasema ameolewa bila ng'ombe. Tukafanya tena, ikatoka vile vile. Karani akaomba ajaribu naye. Msimamizi wa ubora akaitwa, akatazama, akavua miwani, na ninampa haki yake: hakubishana. Alikubali palepale kwamba jina la Nyamizi lilikuwa linaonewa. Kisha akasema jambo la kiofisi kabisa, kwamba kumsafisha mmoja ni lazima aandike makreti yale yalikuwa ya nani.

Nikamwendea Nyamizi kumpa habari njema. Alikuwa kwenye boti anaponda barafu. Nikamweleza pantoni, kiti, kikaratasi. Alielewa haraka kuliko mafundi wenye mabegi. Nyundo ikasimama hewani.

"Shikamoo yako niliisahau, Mama Koku. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umesikia nilichokuambia?"

"Nimesikia. Andika mashine iliharibika. Usiandike zaidi ya hapo."

Nikamwambia haitoshi, wanataka jina. Akasema basi waendelee na lake. Yeye bado ana nguvu, anaweza kurudi kulima. Mzee akifutwa na kiwanda mbele ya watu wa mwalo atakufa, na nyumba hiyo ndiyo iliyomtolea mahari. Nilimkasirikia, nakiri. Nilimkasirikia yeye, na desturi, na msimamizi, na zaidi ya wote wale vijana wa mabegi, waliokuwa pengine mahali fulani wanabandika kiungo kile kile kwenye mizani nyingine. Mtu anaandika mistari michache bila kujiuliza nani anamiliki jina na mpaka lini, halafu mama wa watu anachagua kati ya chakula chake na adabu yake. Na nyie mnaita hiyo zama za mateso, mnaweka kikatuni.

Sikuandika kitu. Nilirudi ofisini, nikakaa. Aliyemwambia Mzee Magesa sijui ni nani, ingawa Masunga siku ile alionekana akielekea kwenye boti ya bluu ya mzee na mikono mitupu, na fundi wa mizani hana kazi kwenye boti.

Asubuhi iliyofuata mzee aliingia kwa msimamizi bila kubisha hodi. Mimi na Nyamizi tulikuwa tumekwisha kuitwa, yeye amesimama karibu na dirisha. Alipomwona akageukia ukutani, kama inavyotakiwa. Mzee naye hakumtazama. Alivua kofia, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akazungumza na printa iliyokuwa kati yetu.

"Mmemuuliza huyu mama nani alikuwa mbele yake. Yeye hawezi kunitaja. Najitaja mwenyewe: Magesa. Kreti la mwisho barafu huwa inaniishia, nikawa nasema karatasi yangu ni safi, basi samaki ni safi. Andika."

Msimamizi akaandika. Mzee hakufutwa, alipewa onyo kama wakala mwingine yeyote, na jina la Nyamizi likarudi lilivyokuwa.

Kurekebisha kiungo hakukuwa kazi kubwa, na hapo Masunga alinipa somo ambalo nawaachia bure. Msukuma akiwa na ng'ombe wengi humwekesha rafiki yake wengine. Rafiki anachunga, anakamua, anakunywa maziwa. Hachinji. Na mwenye ng'ombe naye hamchinji kinyemela wakati ng'ombe yuko kwenye zizi la watu. Anasubiri mpaka arudishwe. Tukafanya hivyo hivyo. Jina hatukulipandisha tena pantoni ya kupita. Tulilitafutia zizi lake upande wa pili, kila kreti zizi lake, tukaiachia mizani ilichunge, na hatukulifuta mpaka mizani yenyewe iseme nimemaliza. Tulilolianzisha sisi tukalimaliza sisi. Kwa hiyo roboti wenu akiwapa kipande kizuri chenye sinia na kikaratasi ndani, kabla ya mishikaki mwulizeni: ng'ombe huyu ni wa nani, nani anamchunga, na nani ana ruhusa ya kuchinja? Akijikanyaga, kaeni chini muandike wenyewe. Na mkijaribu, jaribuni na foleni.

Kesho yake boti zao zilifika pamoja kama kawaida. Mzee Magesa alifika kwenye mizani, akasogea pembeni, akatazama ziwa. Maana yake ilieleweka: Nyamizi apite. Nyamizi akasimama nyuma yake pale pale. Mzee akasogea zaidi, naye akasogea. Makreti yamepangwa, karani kashika kalamu, jua linapanda, hakuna anayekwenda mbele.

"Samaki wataoza kwa heshima," Masunga akaninong'oneza.

Mzee akakohoa. Akasema kwa sauti, bila kumwambia mtu yeyote, kwamba asubuhi hii hajanywa chai, akatoka getini kwenda kwa mama ntilie. Mtu akienda kunywa chai huwezi kusema umempita. Nyamizi akasogeza kreti lake la kwanza kwenye mizani.

Nilifanya kazi pale miaka mingine mingi, na kila boti zao zilipofika pamoja mzee yule alikuwa hajanywa chai.